Lenzi ya Kiwanda Kingine

3 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Na shikamoo ya Baba mfikishie hapo hapo, maana najua unamsomea barua hii na yeye anakwambia usiende mbio. Mimi mzima. Ile kazi ya redio nimeipata, kwenye jarida lao la kila mwezi. Sasa nawapiga picha waigizaji wakiwa ndani ya studio wanarekodi mchezo, siyo wakiwa wamepangwa ukutani kama watu wanaotafuta pasipoti.

Kilichonipa kazi ni kamera ya Baba. Aliyenitangulia alikuwa na kamera kubwa ya kioo, akibonyeza tu kioo kinaruka, klapu, na mlio unaingia kwenye mchezo. Siku moja kwenye hadithi mgonjwa alikuwa anakata roho, watu wametulia, mara klapu. Mtayarishaji, mama mmoja ambaye jengo zima linamwita Mama Kimya, alimtoa nje kwa kidole. Nilipokuja na yangu akataka kujua kwa nini haisikiki. Nikamweleza kwamba hii haina kioo. Hutazami kupitia lenzi, unatazama kwenye kidirisha cha pembeni. Mtu mmoja unamwona mara mbili, unazungusha lenzi mpaka sura ya pili imeikalia ya kwanza, na hapo fokasi imekaa. Akasema, "Kwa hiyo picha yenyewe huioni?" Nikamwambia siioni, naiamini. Akacheka, na nasikia huwa hacheki.

Shida yangu ni mwanga. Studio ina taa moja juu ya meza, nayo wameifunika ili isiwaumize macho wasomaji. Hata nikilifungua tundu la lenzi ya Baba lote, bado nabaki kuomba watu wasipumue. Nataka lenzi yenye tundu kubwa zaidi. Ya kiwanda kilichotengeneza kamera bei yake haishikiki, hata kuiulizia naona aibu. Lakini duka la karibu na posta lina lenzi ya kiwanda kingine, ya skrubu, inavalishwa kamera kwa ringi. Muuzaji anaapa kwa mama yake mzazi. Wewe ndiye fundi, niambie ninunue au nisinunue. Baba atakachosema nakijua tayari.

Mtoto wenu,
Kishindo


11 Februari

Mwanangu Kishindo,

Marahaba, na Baba yako marahaba. Hongera ya kazi. Hapa tumecheka mpaka tukakohoa: mtoto aliyevunja vikombe kwa kupita tu karibu na meza, hata tukampa jina, leo analipwa mshahara kwa kutopiga kelele.

Haya, lenzi. Kaka amesema ulichotabiri. Kamera ile haijawahi kuvaa lenzi ya kiwanda kingine na haitavaa. Unamjua. Wapiga picha wenzake walikuwa wakimwona anakuja wanaficha lenzi zao mifukoni kukwepa mahubiri. Mimi sina dini ya viwanda. Nimefungua lenzi za kila namna na nimekuta nzuri zilizotengenezwa na watu wasiojulikana, na mbovu zenye majina makubwa. Nunua, lakini kwa akili.

Kwanza itikise sikioni, kisichotakiwa kulia kisilie. Ielekeze dirishani utazame ndani, ukiona nyuzi nyuzi ni ukungu unaokula kioo, mrudishie na usibishane. Ringi usinunue ya bei ya kutupa. Ikizidi unene kwa unywele mmoja, umeshaharibu kazi. Muuzaji asiisukume kwa nguvu, kuna lenzi zina mkia mrefu, zinaingia ndani na kuchana pazia la kamera linalokinga filamu. Kubwa kuliko yote ni ile duara ya chuma nyuma ya lenzi. Hiyo ndiyo inayosukuma kijimkono kilicho ndani ya kamera, na kijimkono ndicho kinachokiambia kidirisha lenzi imefika wapi. Duara ikiwa na kasoro, kidirisha kitasema hivi na lenzi itafanya vile, na wewe katikati huna habari.

Ikitokea hivyo, niletee lenzi nikaisugue. Lenzi ndiyo inayorekebishwa. Kamera haiguswi. Ukigeuza kamera ili kuifurahisha lenzi moja, umeigombanisha na lenzi nyingine zote duniani. Hilo nimewaambia watu tangu nikiwa na nywele.

Nilipokuwa nikimsomea kaka niliyoandika, kufika hapo akaomba maji. Anakusalimu.

Baba yako mdogo


26 Februari

Baba Mdogo,

Shikamooni nyote. Msomee Baba, na akikasirika mwambie nimeshanunua.

Nilifanya yote. Niliitikisa sikioni mpaka muuzaji akaniuliza kama nasikiliza taarifa ya habari. Nyuzi hamna. Ringi nimenunua ya bei ya maana. Imeingia laini, haikugusa pazia. Na tundu lake, Baba Mdogo, ni tundu kweli. Sasa pale studio naona mpaka mikunjo ya karatasi wanazosoma.

Ila filamu tatu za kwanza hazijanifurahisha. Nikilenga jicho, jicho linatoka na ukungu. Masikio ndiyo yanaonekana vizuri, nywele kwa nywele. Mhariri wa jarida alizitandaza mezani akasema, "Dada, najua hii ni redio, lakini si lazima utupigie masikio tu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nadhani ni mkono wangu haujaizoea. Au unaonaje wewe?

Kishindo


5 Machi

Mwanangu,

Mkono hauna kosa. Ni ile duara ya nyuma. Lenzi yako inapiga nyuma ya pale inapolenga, ndiyo maana jicho linapotea na sikio linakaa. Mrudishie muuzaji, akikataa nitumie mimi. Ningekwambia nilikuonya, lakini nilikuonya na nikakuruhusu, kwa hiyo lawama tugawane.

Kwa sasa irudishe lenzi ya kiwanda uombe wakuongezee taa. Ile haiwezi kukuangusha.

Kaka leo amenishangaza. Nilidhani atasherehekea kwamba lenzi ya kigeni imefeli, nikawa nimejiandaa kwa mahubiri ya wiki nzima. Alinyanyuka tu, akapapasa ukuta mpaka barazani, akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Baba yako mdogo


14 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua hii usimsomee Baba. Nakuomba kwa udugu wenu. Mtungie nyingine, mwambie nimesifiwa.

Sikukwambia yote. Lenzi ya kiwanda nimeirudisha kama ulivyosema, na nimeongezewa taa. Nimefungua tundu lake lote, nimesimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, nimelenga jicho. Limetoka sikio. Filamu mbili nzima, masikio. Sasa fikiria. Lenzi mbili, za viwanda viwili ambavyo havijuani, haziwezi kukubaliana uongo mmoja. Kinachobaki ni mimi ninayetazama.

Kuna jingine. Juzi nilipanda juu ya paa la jengo letu, nikazungusha lenzi mpaka mwisho wa mbali kabisa, nikatazama kwenye kidirisha ule mlingoti wa redio ulio kilimani. Niliona milingoti miwili, mmoja pembeni ya mwingine. Kitu cha mbali namna ile kinatakiwa kionekane kimoja. Nikafuta kidirisha, nikatazama tena. Miwili.

Na studioni nimegonga stendi ya maikrofoni mara mbili mwezi huu. Mara ya pili ilianguka wakiwa wanarekodi.

Nimetimiza miaka thelathini na tatu mwezi wa kwanza. Najua unachohesabu sasa hivi, kwa sababu mimi nimeshahesabu. Baba upofu ulimuanza akiwa na thelathini na tatu. Na yule daktari wake wa zamani alisema mbele yangu, akidhani mtoto hasikii, kwamba ugonjwa ule hupenda kushuka kwenye damu.

Nimeandika ombi la kuhamia chumba cha simu, pale wanapopokea simu za wasikilizaji. Dada anayefanya kazi hiyo ananifundisha swichi zake, nami nazishika nikiwa nimefumba macho. Zipo arobaini na nane. Nimeshazijua thelathini. Jioni nikirudi chumbani natembea nimefumba kutoka kitandani mpaka mlangoni, ni hatua saba.

Sitaki Baba ajue. Atasema ni yeye aliyenipa.

Kishindo


21 Machi

Mwanangu,

Sikulitimiza ombi lako. Usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Barua yako ilifika mchana. Niliisoma mlangoni nimesimama, nikaimalizia nimeketi kwenye kizingiti. Kisha nikaingia ndani nikamsomea kaka barua ya kutunga: hujambo, kazi nzuri, mvua zimeanza, Mama Kimya amekusifu. Nikaona nimefanya kazi ya kishujaa. Nilipomaliza akasema, "Umefunua karatasi mara tatu. Hicho ulichosoma hakijazi hata upande mmoja." Nikasema una mwandiko mkubwa siku hizi. Akasema, "Mdogo wangu, nimepofuka, sijapumbaa. Nisomee barua ya mwanangu."

Nikamsomea yote. Nisamehe.

Nilipofika kwenye milingoti miwili aliinua mkono, nikanyamaza. Halafu akasema, "Muulize: bila kamera anaona mingapi?"

Mimi ni fundi wa miaka thelathini na nne na swali hilo halikunijia. Basi nakuuliza. Panda paa, kamera iache chumbani, tazama kwa macho uliyozaliwa nayo. Mingapi?

Kisha akasema, "Jicho bovu hukosea huku na huku. Mara pua, mara sikio, mara ukuta. Yeye kila picha ni sikio. Hilo si jicho. Hiyo ni skrubu." Nikamuuliza skrubu gani. Akaniambia niketi. Nilikuwa nimeketi tayari, lakini nikasogea.

Sasa sikia aliyoniambia. Mwaka ulioanza darasa la kwanza alinunua lenzi ya kiwanda kingine kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa anahama. Ndiyo, yeye, mhubiri. Aliipenda jinsi inavyozichukua sura za watu, lakini ilikuwa haikubaliani na kamera. Akaja kwangu kuniuliza kwa niaba ya "rafiki yake". Nikamjibu kama nilivyokujibu wewe, rafiki yako alete lenzi, aniachie wiki tatu. Hakuweza kusubiri, na hakutaka nijue. Akachukua bisibisi yangu ndogo kuliko zote, akafungua kifuniko cha mbele ya kamera, akaigeuza skrubu ya kile kijimkono mpaka kidirisha kikakubaliana na lenzi yake. Jina la kiwanda akalibandika utepe mweusi. Akaibatiza Mgeni. Picha zake zote zilizotundikwa ukutani hapa, zile alizokuwa akiwaonyesha wenzake na kusema "mnaona lenzi ya kiwanda inavyofanya kazi", ni za Mgeni.

Alipokukabidhi kamera aliivalisha lenzi ya kiwanda kwa heshima, na Mgeni akamficha ndani ya soksi. Ya skrubu anasema alisahau. Mimi naona alisahau kwa makusudi. Miaka minane umekuwa ukipiga harusi na mahafali juani, tundu umelibana, na tundu dogo husamehe mengi. Studio haisamehe. Kila lenzi iliyo sawa ukiivalisha kamera ile lazima ikose, na zote zitakosea upande mmoja, kwa kiasi kile kile.

Bisibisi ile niliitafuta mwezi mzima. Nilimnunia jirani.

Nimeweka Mgeni kwenye kifurushi, nakutuma leo hii hii kwa posta. Ukimpata, tandika gazeti mezani, weka alama kwenye mstari mmoja, simama mita moja ukiwa umeinama kidogo, fungua tundu lote, lenga mstari huo kwa kila lenzi, kisha safisha filamu uone ni mstari gani umekaa.

Kaka ameongeza neno moja. Hata kamera ikikiri, nenda kwa daktari wa macho. Anasema kugonga stendi hakumo ndani ya kamera.

Baba yako mdogo


SIMU YA MAANDISHI
26 Machi

MMOJA. NIMETAZAMA MARA KUMI. MMOJA.
KISHINDO


4 Aprili

Baba na Baba Mdogo,

Shikamooni. Leo nawaandikia wote wawili kwa sababu siri zimetushinda kuzitunza katika ukoo huu.

Barua yenu niliisomea kwenye ngazi za ofisini. Sikumaliza. Nilipofika kwenye swali nilipanda paa mbio mpaka mlinzi akanifuata akidhani nataka kujirusha. Nikamwomba anishikie begi. Nikatazama kilimani. Mlingoti mmoja. Nikafumba jicho hili, mmoja. Nikafumba lile, mmoja. Nikamwuliza mlinzi na yeye anaona mingapi, akasema, "Dada, una nini? Si mmoja?" Nikalia pale pale, naye akanipa leso yake ambayo haikuwa safi, na nikaitumia.

Nimejiuliza kwa nini wiki zote zile sikuwahi kuushusha mkono wenye kamera nikatazama tu. Nilikuwa nimeshajihukumu, basi. Mwoga hatafuti shahidi wa kumtetea.

Mgeni amefika, amevaa soksi yake. Nilitandika gazeti, nikaweka alama kwenye habari ya simenti kushuka bei. Lenzi ya kiwanda ikaikosa simenti, ikaniletea tangazo la baiskeli iliyopotea, mistari minne nyuma. Ile niliyonunua mimi, baiskeli vile vile, mistari minne. Mgeni akakaa juu ya simenti, herufi kwa herufi, mpaka vumbi la karatasi linaonekana. Masikini yule muuzaji, nilishamtukana dukani mbele ya watu. Kesho naenda kumwomba radhi.

Baba, wewe ni mwizi wa bisibisi na mwongo wa miaka ishirini na saba, na sijawahi kukupenda kama leo. Juzi nimempiga picha mwigizaji mmoja kwa Mgeni na mhariri ameitazama, akaisogeza kwenye taa. Kisha akauliza nimebadilisha nini. Nikamwambia nimerithi.

Kwa daktari sijaenda. Kamera imeshajieleza. Kwa nini nichokoze kitu kilicholala?

Kishindo


11 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni baba yako mdogo, lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba.

Ya skrubu umenisamehe haraka mno, nakushukuru. Ya daktari sikusamehe.

Mimi sikuanza na picha zenye ukungu. Picha zangu zilikuwa safi mpaka mwaka wa mwisho. Nilianza kwa kugonga meza jioni. Nikasema ni uchovu. Nikagonga mlango, nikasema nani ameusogeza. Nilikaa miaka miwili bila kwenda hospitali. Nilipokwenda, daktari alisema hata ningewahi asingeweza kuzuia, kwa hiyo usidhani nakwambia haya kwa sababu ya dawa. Nakwambia kwa sababu ya miaka ile miwili. Nilikuwa bado naona, na sikutazama kitu. Nilikuwa najipima. Nikikaa nawe mezani nilikuwa napima kama naona ukingo wa sahani. Ulikuwa na miaka tisa, ukang'oka meno, ukaota mengine, na mimi nilikuwa natazama ukingo wa sahani. Nilichopoteza katika miaka hiyo hakikuchukuliwa na ugonjwa.

Wewe sasa unajua hatua saba za chumba chako na swichi thelathini. Umeshaanza.

Nenda. Akisema mabaya, njoo nyumbani nikufundishe, kazi hii naijua vizuri kuliko mtu yeyote. Akisema mazuri, andika siku hiyo hiyo.

Baba yako

(Mimi mdogo wake naongeza kwa ruhusa yangu mwenyewe: amesema haya yote amesimama.)


24 Aprili

Baba, Baba Mdogo,

Shikamooni. Mazima.

Nimeandika neno hilo kwanza ili Baba Mdogo asianze kuremba. Macho yangu mazima. Natoka huko sasa hivi, naandika kwenye benchi la nje ya hospitali. Wamenitia dawa ya kupanua mboni, kila kitu kinang'aa na mistari ya karatasi siioni, kwa hiyo mkiona maandishi yanapanda mlima msishtuke, dawa itaisha jioni.

Nilikuwa nimejiapiza kutomwambia daktari habari ya Baba, nikijidanganya kwamba asipojua hataona. Nikakaa kwenye kiti na maneno yakatoka yenyewe, umri, damu, stendi ya maikrofoni, milingoti, vyote. Ni mama wa makamo, mtaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniweka kidevu kwenye mashine. Kuna chombo kimoja unatazama ndani, vinatokea vinukta vya mwanga, kila ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Nilikuwa nabonyeza huku nasali. Kisha akamulika nyuma ya jicho, kulia, kushoto, akarudia kulia. Aliporudia nikasema moyoni, ndiyo hiyo. Kumbe alikuwa amepiga chafya.

Akasema nyuma ya macho yangu ni pasafi, hamna alama hata moja ya ule ugonjwa, na pembeni naona vizuri kuliko yeye. Nikamwuliza stendi je. Akaniuliza nilikuwa natembeaje. Nikamwambia kinyumenyume, kamera ikiwa usoni. Akanitazama, akasema, "Mama, ukitembea hivyo hata tai angegonga stendi." Nirudi baada ya miaka miwili kwa ukaguzi tu, kwa sababu ya ukoo.

Asubuhi naenda kuomba ile barua yangu ya uhamisho niichane. Dada wa chumba cha simu atanuna, anasema nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kamera nitakuletea Baba Mdogo mwezi wa saba nikiwa likizo, uirudishe skrubu mahali pake, na Mgeni umsugue nyuma akubaliane na wenzake. Baba akileta ubishi mwambie ni amri ya mwenye kamera.

Nimeweka humu ile picha ya mwigizaji niliyopiga kwa Mgeni. Nimetoka hapa nikatazama watu wanaopita, Baba, bila kujipima. Mwanamke mmoja amebeba ndoo mbili za rangi. Sijui kwa nini nimemfurahia namna hii.

Kishindo


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Nilimsomea baada ya chakula cha mchana. Neno la kwanza nililisoma taratibu, kwa sababu na mimi nilikuwa nalihitaji. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Barua ina kurasa ngapi?" Nikamwambia mbili, na nitasoma zote mbili, akitaka azishike. Akazishika kweli, akazihesabu kwa vidole, akanirudishia. Nikasoma mpaka kwenye ndoo za rangi. Alicheka pale kwenye chafya, halafu uso ukamgeuka, akalia, na mimi sikumzuia.

Kisha akauliza, "Ametuma picha?"

Kuna jambo ambalo hatukuwahi kukuandikia. Picha zako zote za miaka minane hakuniruhusu nimweleze hata moja. Alikuwa anazipokea, anazipapasa pembe, anaziweka sandukuni, anafunga. Mimi nilidhani ni uchungu wa mpiga picha asiyeona, nikaheshimu. Leo ameniambia haikuwa hivyo. Alikuwa anaogopa siku moja nitatazama picha yako na kusema, bila kujua ninachosema, "Nzuri, ila imefifia kidogo."

Basi akajinyoosha kwenye kiti chake akasema, "Nieleze."

Nikamwambia ni mwanamke, amesimama mbele ya maikrofoni, ameshika karatasi, kichwa amekiinamisha kidogo, mdomo uko katikati ya neno. Akauliza, "Jicho?" Nikasogea dirishani nikavaa miwani. Nikamwambia jicho limekaa, mpaka kope zinahesabika. Akasema, "Hesabu."

Nikahesabu kwa sauti, moja moja, za jicho la kulia. Nilipofika ishirini na tatu nikasikia anakoroma. Sikumwamsha, nikamalizia zilizobaki taratibu, kisha nikaenda kufungua lile sanduku.

Baba yako mdogo